Mama anatetemeka kila akiunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu: je, tatizo ni mpira wa kifuani?

Kifungua Mimba, Tukuyu

Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba ushauri kuhusu mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 58, ambaye figo zake zilishindwa kufanya kazi baada ya kuishi na shinikizo la damu kwa miaka mingi. Tangu mwezi Machi anasafishwa damu Mbeya mjini kila Jumatatu na Alhamisi, ingawa tulielezwa kwamba mara tatu kwa wiki ndiyo inayostahili. Nauli na gharama ndizo zilizotubana. Mwanzoni aliwekewa shingoni mpira wa muda, yaani bomba laini la kupitishia damu kwenda na kurudi kutoka kwenye mashine, na mwishoni mwa Aprili ukatolewa, akawekewa ule unaopita chini ya ngozi na kutokea kifuani upande wa kulia.

Kinachonisumbua ni hiki. Kwa wiki tatu sasa, akishaunganishwa kwenye mashine, kabla hata saa moja haijatimia, mama huanza kutetemeka mwili mzima mpaka kitanda kinalia. Tunamfunika mablanketi mawili na kitenge juu yake, na bado meno yanagongana. Akimaliza, hali hutulia, na tukifika nyumbani jioni anakula ndizi zake kama kawaida. Mara ya kwanza sote tulisema ni baridi ya Julai, kwa kuwa tunaondoka saa kumi na moja alfajiri na ukungu unakuwa umetanda njia nzima. Mara ya pili nilimpeleka kwenye zahanati moja ya jirani, akapewa dawa mseto ya malaria bila kupimwa, pamoja na sindano za seftriaksoni kwa siku tatu. Akapata nafuu. Alhamisi iliyopita mtetemeko umerudi kwa nguvu zaidi, na usiku nikaona plasta ya kifuani imelowa, na pale mpira unapotokea pana wekundu na usaha kidogo. Mgongo pia unamuuma upande wa chini, nadhani ni kwa sababu ya kukaa muda mrefu kwenye gari.

Ndugu wamegawanyika. Baba mdogo anasema mpira utolewe mara moja. Shangazi anasema ukitolewa, mama hatakuwa na njia nyingine ya kusafishwa damu na tutampoteza. Daktari aliwahi kumshauri afanyiwe upasuaji wa fistula mkononi, lakini mama alikataa, na mimi sikumwelewa vizuri sababu yake. Naomba mwenye ujuzi anieleze kinachoendelea na nifanye nini kabla ya Jumatatu.

Muuguzi wa Zamu, Mbeya

Pole sana kaka, na mfikishie mama pole zangu. Nimewahudumia wagonjwa wa kusafisha damu kwa miaka tisa, na ombi langu la kwanza ni kwamba Jumatatu usiisubiri. Mpeleke mama leo hii katika hospitali anakosafishiwa damu, hata kama si siku yake ya mashine, kwa sababu mgonjwa mwenye mpira anayetetemeka akiwa kwenye mashine huchukuliwa kuwa ana bakteria ndani ya damu mpaka vipimo vikanushe, na huyu wako tayari ana usaha.

Nitakueleza kwa nini mtetemeko unakuja kwenye mashine na kuondoka nyumbani, maana hapo ndipo familia nyingi zinapopotea. Ncha ya ndani ya mpira ule iko kwenye mshipa mkubwa karibu kabisa na moyo. Bakteria hufika huko kwa njia mbili: ama kupitia vinywa vya mpira vinapofunguliwa ili kuunganishwa na mashine, ama kwa kutambaa kutoka kwenye ngozi kando ya mpira. Wakishaingia hujishikiza kwenye kuta za mpira na kujifunika kwa utando unaoteleza, mithili ya ule unaouona ndani ya ndoo ya maji iliyokaa muda mrefu bila kusuguliwa. Humo wanakaa kimya. Mashine inapowashwa, damu hupita kwa kasi ya mililita 300 hivi kila dakika, na kasi hiyo huwabandua bakteria na kuwamwaga moja kwa moja kwenye mzunguko wa damu. Mwili unawatambua, na mama anatetemeka. Mashine ikizimwa, umwagaji unapungua, mwili unatulia, nanyi mnadhani yamekwisha. Hayajakwisha hata kidogo.

Kwa sababu hiyohiyo, zile sindano za siku tatu zilimpa nafuu ya kupita. Dawa iliwafikia bakteria waliokuwa wakielea, lakini waliojificha ndani ya utando hawakuguswa ipasavyo, na baada ya siku chache wakaanza tena. Usitegemee kipimajoto pia. Wagonjwa wa figo wengi wana joto la mwili la chini kidogo kuliko watu wengine na kinga yao imedhoofika, kwa hiyo anaweza kuwa na bakteria kwenye damu huku kipimajoto kikisoma nyuzi 37.

Kuna sababu nyingine ya mtetemeko ambayo sisi wahudumu hatupaswi kuisahau, nayo ni maji. Mashine hutumia maji mengi yaliyochujwa, na mtambo wa kuchuja ukipata hitilafu, sumu za bakteria zinaweza kumfikia mgonjwa. Lakini ikiwa hivyo, kwa kawaida wagonjwa kadhaa wa mashine tofauti hutetemeka siku moja. Kwa maelezo yako anayetetemeka ni mama peke yake, kwa wiki tatu, na ana usaha. Mimi naulaumu mpira.

Sasa nije kwenye jambo ulilolitaja kwa kupita, na ndilo lililonishtua kuliko yote: mgongo. Bakteria anayeongoza katika maambukizi haya, stafilokokasi aureasi, ana tabia mbaya ya kuhama. Akiwa kwenye damu kwa wiki kadhaa huweza kujenga makao kwenye vali za moyo, kwenye maungio, au kwenye pingili za uti wa mgongo. Huenda ni uchovu wa safari kweli, lakini mtamkie daktari jambo hilo waziwazi, usingoje aulize. Na iwapo miguu ya mama itakosa nguvu au kufa ganzi, au akashindwa kuzuia haja, hiyo ni dharura ya saa ileile, kwa kuwa usaha unaweza kuwa unaugandamiza uti wa mgongo.

Mkifika, omba damu ichukuliwe kwa ajili ya kuotesha vimelea kabla hajapewa kiuavijasumu chochote, hata kidonge kimoja mlichobaki nacho nyumbani. Kuhusu mgogoro wa baba mdogo na shangazi, kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli. Ikiwa kimelea ni stafilokokasi aureasi, sudomonasi au fangasi, au ikiwa usaha umefuata njia ya mpira chini ya ngozi, au mgonjwa akizidiwa, mpira hutolewa, na kuchelewa ni hatari. Kwa baadhi ya bakteria wapole wa ngozi, daktari anaweza kuendelea na dawa na kuubadilisha mpira kwa kupitisha mpya juu ya waya homa ikishatulia. Lakini hofu ya shangazi kwamba mama atakosa njia ina jibu: mpira wa muda huwekwa kwa ajili ya kumsafisha damu, na damu ikishakuwa safi, mpira mpya wa kudumu zaidi huwekwa.

Nimeona pia kwamba ule wa muda wa shingoni ulikaa tangu Machi hadi mwishoni mwa Aprili. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2019 unashauri usizidi wiki mbili. Najua sababu za kuchelewa, nazijua vizuri mno, lakini ni vyema familia zikajua kikomo hicho na kukiulizia.

Mzee wa Kihesa, Iringa

Mwanangu, pole kwa kuuguza. Mimi niko kwenye mashine mwaka wa sita sasa, na kabla sijapata njia ya mkononi niliharibikiwa na mipira miwili kwa maambukizi ya namna hiyohiyo. Yaliyosemwa na sista hapo juu ni kweli tupu, nami niliyapitia kwa mwili wangu. Wa pili ulinilaza wiki tano.

Nadhani najua sababu ya mama yako kukataa. Nilipoandikiwa upasuaji huu, mke wangu alisoma neno fistula kwenye karatasi akanyamaza siku nzima, kwa kuwa kwetu neno hilo tunalijua kama ugonjwa wa akina mama waliopata shida ya uzazi, wanaovuja mkojo na kutengwa na watu. Alidhani nafichwa ugonjwa mwingine. Mkalishe mama umweleze taratibu kwamba neno ni moja lakini mambo ni mawili, na hili la mkononi halihusiani kabisa na uzazi. Ukiweza, mtafute mama mwenzake aliyefanyiwa, amwonyeshe mkono. Mkono wangu umewashawishi watu wanne hadi sasa.

Kinachofanyika ni kwamba daktari wa upasuaji anaunganisha ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na vena, mshipa unaoirudisha, chini ya ngozi, mara nyingi kwenye kifundo cha mkono au karibu na kiwiko, katika mkono usiotumika sana. Vena ikishaanza kupokea damu yenye msukumo wa ateri, hupanuka na kuta zake hunenepa hadi iweze kuchomwa sindano nene mara kwa mara. Njia hii ilitangazwa na madaktari wa New York mwaka 1966, na mpaka leo ndiyo inayoshika nafasi ya kwanza kwa kuwa na maambukizi machache, kwa sababu hakuna kitu kigeni kinachobaki mwilini na ngozi inafunga mlango wake yenyewe baada ya kila safari. Ugumu wake ni kwamba haitumiki siku ileile. Wangu ulichukua miezi miwili na nusu kukomaa. Kwa hiyo anayesubiri mpira uharibike ndipo afikirie mkono, amekwisha kuchelewa.

Njia ya mkononi nayo ina masharti, na ukiyapuuza bakteria wataingia kupitia matundu ya sindano. Kila siku ya mashine naosha mkono wote kwa sabuni na maji kabla sista hajaugusa. Naomba sindano zihamishwehamishwe, zisichomwe tundu lilelile kila mara, isipokuwa pale daktari ameamua vinginevyo. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo, haubebi ndoo wala mkungu, na sivai sweta lenye mkono wa kubana hata Iringa ikizizima. Asubuhi nikiamka naweka vidole juu yake kusikiliza mtetemo. Siku usiposikika, naenda hospitali bila kupiga simu kwanza.

Jambo moja zaidi, na nalisema kwa uchungu. Nilipokuwa bado nalima nyanya Ilula, jirani aliyenitakia mema alinishauri nichanjwe chale kwenye mkono ule ili uvimbe upungue. Nilikataa. Mwenzangu mmoja wa wodini hakukataa, na mkono wake ulijaa usaha ukafungwa, akarudishwa kwenye mpira. Mama akishapata njia hiyo, asiruhusu wembe wa mtu yeyote kuukaribia mkono ule.

Mtu wa Maabara, Njombe

Naongeza upande wa maabara, kwa kuwa ndipo mambo mengi huharibika kimyakimya.

Kwanza kuhusu malaria. Mikoa yetu ya nyanda za juu ni miongoni mwa yenye malaria kidogo kabisa nchini, ingawa bonde la Kyela lina hali tofauti na watu husafiri. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua dakika 15 hadi 20 na tone moja la damu. Kwa mgonjwa mwenye mpira ndani ya mshipa, kumpa dawa mseto bila kupima ni kupoteza siku ambazo bakteria wanazitumia kuhamia kwenye moyo na mifupa. Simlaumu aliyeko zahanati peke yake, kwa maana mtetemeko na malaria vimekuwa kitu kimoja katika vichwa vyetu tangu utotoni, lakini wewe unayemsindikiza mgonjwa unaweza kusema: mama ana mpira wa kusafishia damu, naomba tuanzie hapo.

Pili, kuhusu kipimo cha kuotesha. Damu huchukuliwa kwenye sehemu mbili, kwa kawaida kwenye mpira wenyewe na kwenye mshipa wa mkono, ingawa kwa mgonjwa wa figo tunaichagua mishipa ya nyuma ya kiganja ili kulinda ile itakayohitajika baadaye. Kila chupa ya mtu mzima huhitaji mililita 8 hadi 10. Chupa iliyotiwa mililita 2 inaweza kurudi na jibu la uongo la kwamba hakuna kitu. Chupa mbili zikichukuliwa wakati mmoja, na ya kwenye mpira ikaota saa 2 au zaidi kabla ya ile ya mkononi, hiyo ni ishara nzuri kwamba chanzo ni mpira. Bakteria wengi wa aina hii huonekana ndani ya siku 1 hadi 2, lakini hatutangazi kwamba hakuna kilichoota mpaka siku 5 zipite. Ndiyo sababu daktari haanzi kwa kusubiri majibu: damu ikishatoka, dawa huanza palepale kwa kukisia, halafu hurekebishwa majibu yakija. Usaha nao uchukuliwe kwa kijiti safi, usifutwe na kutupwa.

Tatu, msiichague dawa wenyewe dukani. Wako stafilokokasi sugu ambao seftriaksoni haiwagusi kabisa, na kwao hutumika vankomaisini, ambayo kwa wagonjwa wa figo ina urahisi mmoja, kwamba hupewa siku za mashine, kwa dripu ya taratibu isiyopungua saa moja. Kwa kawaida huongezwa dawa ya pili kwa ajili ya bakteria wa kundi la kina sudomonasi mpaka jibu lijulikane. Mkinunua vidonge na kumpa nusu dozi, mnatuletea maabara kimelea ambaye hakuna dawa ya bei nafuu inayomuweza.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba takriban watu 3 kati ya 10 wana stafilokokasi aureasi ndani ya pua zao wakiwa wazima kabisa. Kwa mantiki hiyo barakoa wakati wa kuufungua mpira ni ya lazima kwa pande zote mbili, muuguzi na mgonjwa, na anayemsindikiza asiiname juu ya kifua cha mgonjwa kuongea naye wakati vifuniko viko wazi.

Kifungua Mimba, Tukuyu

Narudi baada ya siku nane kuwapa mrejesho, na kwanza Mzee wa Kihesa, shikamoo. Nilikodi gari jioni ileile tukaenda. Damu ilichukuliwa sehemu mbili kabla ya dawa, na siku ya pili tukaambiwa chupa zote zimeota stafilokokasi aureasi. Mpira umetolewa. Mama amesafishwa damu mara tatu kwa mpira wa muda, anapata vankomaisini, na hajatetemeka tena tangu Jumatano. Moyo umepimwa kwa mawimbi ya sauti, vali hazijaonyesha kasoro. Kwa ajili ya mgongo ameandikiwa picha ya emarai (MRI), tunasubiri zamu, na daktari amesema hata hivyo dawa itaendelea angalau wiki nne hadi sita kutegemea picha hiyo.

Nilimweleza kuhusu neno fistula. Alicheka, kisha akalia kidogo, akaniambia alikuwa ameficha aibu hiyo tangu Machi. Amekubali mkono wa kushoto. Ninaomba kujua mambo mawili: upasuaji huo ufanyike lini, na tumtunze vipi nyumbani, kwa maana mpira mwingine wa kifuani atawekewa kwanza, na huku kwetu mvua zikianza Novemba mtu hakauki.

Muuguzi wa Zamu, Mbeya

Ahsante kwa kurudi, kaka. Wengi hawarudi tukajua mwisho wake. Upasuaji wa mkono na mpira mpya vyote husubiri damu irudiwe kuoteshwa na ionekane safi, kwa hiyo ulizia tarehe ya kurudia kipimo hicho, usiache kipite. Ila mkono wa kushoto ulindwe kuanzia leo. Kila anayekuja na sindano mwambieni achome mkono wa kulia, tena nyuma ya kiganja, kwa kuwa mshipa ulioharibiwa na kanula, kile kimpira cha dripu kinachoachwa mshipani, hauwezi kugeuzwa njia ya mashine.

Nyumbani, mpira ukishawekwa, aoge kwa beseni kuanzia kiunoni kwenda chini, na juu ajifute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu huku plasta ikibaki kavu. Msimwagie maji kutoka juu. Siku za mvua mvalishe koti la mvua juu ya sweta, si sweta peke yake, kwa sababu sufu iliyolowa hukaa kifuani saa nyingi ikipasha joto na unyevu pale pale tusipovitaka. Mkungu wa ndizi, kuni na mtoto wa mgongoni vibebwe na wengine. Plasta ikilowa au kubanduka, msiweke pamba na mafuta ya nyumbani; ifunikeni kwa gozi safi kutoka kwenye pakiti isiyofunguliwa na mje ibadilishwe.

Kwenye mashine, angalia mambo matatu, na uulize kwa adabu usipoyaona: mikono ya mhudumu imeoshwa na glavu ni mpya, barakoa ziko usoni kwa wote wawili, na vinywa vya mpira vimesuguliwa kwa dawa kisha vikaachwa vikauke kabla ya kuunganishwa. Hilo la kuachwa vikauke ndilo linalorukwa tunapokuwa na wagonjwa wengi na wahudumu wachache, na dawa isipopewa muda wa kukauka haifanyi kazi yake kikamilifu. Nimewahi kukumbushwa na mgonjwa mwenyewe, nikamshukuru. Mpira huo pia usitumiwe kwa dripu wala kutolea damu na mtu asiye wa kitengo cha kusafisha damu, hata akiwa na haraka kiasi gani.

Alhamisi mkija, leta jalada lake nami nitaandika kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza kwamba mkono wa kushoto hauchomwi. Picha ya mgongo ikitoka kabla ya hapo, msiisubiri Alhamisi.